Nzuki Atafuta Cheo cha Mpatanishi

Nzuki wa Kyuso alikuwa fundi wa baiskeli na mzee wa kanisa, na maishani mwake hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Kuku wa Krismasi alichinjiwa na jirani. Mkewe Kavata alipofariki, mwaka wa 1985, ukimya wa nyumba ulimshinda kabisa, ikawa kila jioni akishafunga kazi anaingia kwa duka la Mwangangi kucheza.

Mchezo wenyewe ulianza kama ludo ya kawaida tu. Halafu mbuzi wa Gabow, mfanyabiashara wa mifugo, akala karatasi ya ludo yote, ikabaki dadu. Mwangangi akachukua chaki, akachora nchi nzima juu ya meza, na mito yake na milima yake, na kila mtu akachagua atakuwa nani humo. Mwangangi akawa mfalme wa juu, Gabow mfalme wa chini, na punje za mahindi zikawa askari wao. Wakipigana, kila mmoja anarusha dadu. Mwenye namba kubwa ameshinda, mwingine amekufa.

Nzuki aliomba awe mpatanishi.

"Haiwezekani," alisema Mwangangi, ambaye zamani alikuwa askari. "Kwa nchi hii hakuna kazi mpaka ushinde mapigano matatu."

"Hata mpishi?"

"Hata mpishi."

"Na mkunga je?"

"Mkunga ndiye kabisa!"

Sheria ya kipuuzi, ndiyo, lakini meza ilikuwa ya Mwangangi. Nzuki akabaki mpita njia. Mwaka mzima alipita njia, yeye akiwa punje moja ya ndengu mezani, akiwasalimia askari wa pande zote mbili, na alifurahi hivyo hivyo.

Ndipo Gabow akamwaga chai. Ilitapakaa meza nzima, mito ikafutika, na majeshi yote mawili yakaelea hadi sakafuni.

"Ni mafuriko," Gabow alisema. "Mungu ameleta."

"Chai si mvua!"

"Wallahi, ikitoka juu ni mvua."

Wakanuniana. Wiki nzima walikaa benchi moja na kusemezana kupitia Nzuki: mwambie huyo, mwambie na yeye. Mwishowe Mwangangi akatangaza kwamba Jumamosi meza inakuwa rafu ya sukari, na Gabow akaapa hatakanyaga tena hapo. Nzuki alishikwa na hofu ya kweli. Jioni zake angezipeleka wapi?

"Nipeni upatanishi," aliwasihi.

"Mwambie huyo sheria ni mapigano matatu," Mwangangi alisema.

"Mwambie hiyo naikubali," Gabow alijibu.

Nzuki akaomba achorewe kuku mmoja mezani apigane naye. Mwangangi alifikiri sana, akaamua kwamba kuku ana hasira, basi anahesabika. Nzuki alimwomba kuku msamaha kwanza, kisha akarusha dadu na kumuua.

Akatafuta wa pili. Hakukuwa na mtu. Nchi nzima ilikuwa imezama kwa chai, wamebaki wafalme wawili tu.

Mzee wa kanisa alimgeukia mfalme wa juu. Alifumba macho, akarusha. Sita! Mfalme wa juu akaanguka, na Gabow akacheka mpaka akashika mbavu. Hakucheka muda mrefu, kwa sababu Nzuki alirusha tena, na mfalme wa chini akamfuata mwenzake.

"Sasa mimi ni mpatanishi," Nzuki alisema kwa sauti ya chini.

"Unapatanisha nani?" Mwangangi alifoka. "Si umetumaliza!" Akamgeukia Gabow, uso kwa uso. "Umeona huyu mtu?"

"Nimemuona. Na Jumapili anatoa sadaka!"

"Mwaka mzima anapita njia, kumbe anatupima."

"Warya, we bwana, huyu ni hatari. Leta chaki."

Waliinama pamoja juu ya meza, wakachora nchi upya, safari hii upande mmoja tu, wenye majeshi yao mawili yaliyopangwa bega kwa bega. Pembeni kabisa, nyuma ya mlima, wakaweka punje ya ndengu peke yake. Nzuki alikuwa ameshainuka, kofia mkononi, akidhani amefukuzwa.

"We mzee," Gabow alimwita. "Kesho jioni usikose kuja."

"Tukuue," Mwangangi alimalizia.

Nzuki alisukuma baiskeli yake mpaka nyumbani, na alipofungua mlango alikuwa bado anatabasamu.