Aliyeniita wa Mawe

Sokoni Muleba, ukimwuliza mtu alipo "yule mama wa mawe", atakuonyesha mimi. Vijana wanadhani ni moyo wangu, kwa kuwa sichekicheki na watu. Akina mama wa jumuiya wanadhani ni njugumawe ninazouza. Wote wamekosea, na nimechoka kuwasahihisha. Jina hilo nilipewa na kaka yangu wa tumbo moja, na sijamsamehe.

Baba alipofariki nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Kitendaguro, ndoa imevunjika, sina pa kulima. Siku ya kumaliza matanga kaka alichukua kibanja chote, migomba na kahawa. Mimi akanionyesha rweya, nyasi na mawe matupu juu ya kilima. "Wewe ni wa mawe, chukua mawe yako," akasema, na wazee wa ukoo wakacheka huku wakinywa pombe ya rubisi. Hawakupanda hata mche mmoja wa mulamula. Kwetu mpaka ni mulamula. Usipopandwa, kesho kila mtu atasema lake. Nilijua hivyo, lakini sikudai upandwe. Msiba ulinifanya mjinga.

Mawe yale niliyasomba kwa karai, kichwani, mwaka hadi mwaka. Nikapanda njugumawe, zikakubali. Kaka alipoona zimekubali, akaanza kutangaza kwamba nimevamia ardhi yake.

Tukaitwa kwenye baraza la kijiji. Alikuja amevaa koti la marehemu baba, na hilo liliniudhi kuliko shtaka lenyewe. Akasema hakuna mpaka, hakuna mulamula, wala hajawahi kunigawia kitu. Kuhusu mulamula alisema kweli, na nikinyang'anywa pale sina pengine.

Mwenyekiti akamwuliza taratibu kwa nini basi kijiji kizima kinaniita wa mawe. Kaka, kwa dharau yake ileile, akajibu upesi, "Si mimi niliyemwita hivyo, siku nilipompa kile kilima cha mawe?"

Watu wakaangaliana. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa alichosema.

Jioni hiyohiyo nilipanda mulamula, pembe zote nne, wazee walewale wakishuhudia. Kaka alisimama kando, koti la baba limemlegea mabegani.

"Dada, tuachie hata nusu," akasema. "Moyo wako ni wa mawe kweli?"

"Ndiyo, kaka," nikamjibu. "Ndiyo mawe uliyonigawia."