Walisafisha Moshi wa Mama

Nianze na picha, maana picha ndiyo iliyonitia wazimu. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, imekuzwa hadi ikawa na ukubwa wa mlango, na imetundikwa kwenye ukuta wa jumba la makumbusho hapa Morogoro mjini. Vijana wanne wamesimama kwa mapozi, mikono kifuani, mmoja bado kavaa koti la jeshi. Mbele yao msichana mwembamba amechuchumaa kwenye mawe matatu ya jiko, anapuliza moto. Chini ya picha wameandika: "Mpishi wa kikundi akiandaa chakula."

Msichana huyo ni mama yangu. Niliyasoma maandishi yale mara mbili, kisha nikautazama moto wenyewe. Hakuna chungu wala sufuria. Juu ya mawe kuna ubao wa plaiwudi, umening'inizwa kwa kamba, na moshi wote unapanda kuufuata. Wasomi walikaa mezani na picha hiyo mbele yao, wakaona mwanamke, wakaona moto, wakaandika mpishi. Hata kujiuliza anapika nini hawakujiuliza.

Maonesho yenyewe yalihusu vikundi vya sanaa ya majaribio vilivyozuka baada ya vita vya Kagera. Wale vijana walikuwa wamerudi kutoka vitani, wengine wametoka vyuoni, wakapanga nyumba moja Mafiga na kuamua kufanya sanaa isiyofanana na kitu chochote walichofundishwa. Wakati huo madukani hakukuwa na sabuni wala sukari, sembuse rangi. Wakachora kwa udongo, kwa majivu, kwa utomvu wa migomba. Hata majina walikataa kuandika kwenye kazi zao, kwa maelezo kwamba kazi ni ya wote. Hayo nimeyasoma kwenye mabango ya maonesho. Nyumbani sikuwahi kuambiwa, na ukweli ni kwamba sikuwahi kutaka kuambiwa.

Ubao mmoja wa kikundi ndio uliokuwa jikoni kwetu. Mama bado anakaa Mafiga, nyumba nyingine, mtaa wa nyuma, na jiko lake ni la nje, la matofali ya kuchoma na bati. Ubao ulining'inia juu ya moto, chini ya dari ya mahindi, tangu sijazaliwa. Ulikuwa mweusi tii. Nikiwa mdogo nilimwona mama asubuhi, mlango ukiwa wazi na jua linaingia kwa ubavu, akiuteremsha, anaufuta mahali kidogo kwa pindo la khanga, pengine kwa kidole gumba tu, anaugeuza juu chini na kuurudisha. Siku nyingine alibandika majani ya mgomba juu yake na kuyaacha wiki nzima. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka kwamba mama anauogesha ubao na hautakati. Shuleni walinitania kuwa nanuka moshi, nikawa naliona jiko lile kama adui yangu. Nilipoajiriwa ualimu na kuhamia Kihonda, kitu cha kwanza nilichomnunulia mama ni jiko la gesi. Mtungi ule mpaka leo uko kwenye kona ya sebule, umefunikwa kitambaa cha kufuma.

Mwaka jana dada mmoja wa makumbusho alikuja kuuliza kama tuna chochote cha kikundi. Mama alikuwa Mlali kwenye msiba wa dada yake, nikampigia simu. Akasema, "Wape, lakini wauazime tu." Basi nikaenda mimi, nikaushusha ubao, nikachafuka mpaka kwapani, nikajaza fomu zao, nikatia saini. Nilifurahi, kwa kweli. Niliona jambo kubwa limeingia nyumbani kwetu.

Siku ya ufunguzi nilimpeleka mama na bajaji. Alivaa gauni lake la Iddi na mtandio mpya. Tulipoingia hakuitazama picha ile, alikuwa anautafuta ubao wake. Alipita ukuta wa kwanza, akapita wa pili. Nikamwona anapita mbele ya ubao uliokuwa na kibandiko chenye jina la mtaa wetu, na hasimami.

"Uko wapi wangu?" akaniuliza.

"Mama, si huu hapa umeupita."

Akarudi, akausogelea. Ulikuwa msafi. Michirizi ya udongo mwekundu inang'aa, na pembeni kuna ndege wawili wa udongo mweupe ambao mimi sikuwahi kuwaona maisha yangu yote. Niliona umependeza, na nilikaribia kusema hivyo. Mama akanyoosha mkono.

"Bibi, hairuhusiwi kushika," mlinzi akasema.

Mama akaurudisha mkono wake.

"Wameuosha," akasema. Kisha akanionyesha michirizi na wale ndege, kwa kidevu, kwa kuwa mkono amekatazwa. "Hizi ni za wale. Za wale wameziacha. Zangu wamezitoa zote."

Hapo ndipo nilipogeuka nikaiona ile picha, na ubao kwenye moshi, na neno mpishi. Nikakumbuka kwa bibi, milimani juu ya Mlali, mahindi ya mbegu yanavyotundikwa darini juu ya moto ili yasiliwe na wadudu, na bibi anavyochagua kuni, hizi zina moshi mkavu, zile zina moshi wa mafuta, hizo usilete kabisa. Mama alikulia kwenye ujuzi huo. Wale vijana hawakuwa na rangi nyeusi, na yeye alikuwa nayo, kwenye moshi. Na kikundi kilipovunjika na kila mtu kushika njia yake, yeye aliendelea. Miaka arobaini na ushee alikuwa anafanya kazi juu ya vichwa vyetu, na sisi tunamwambia mama, chumvi imezidi.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Na kama vile haitoshi, mzee mmoja, yule wa koti la jeshi, ambaye ndiye pekee kati ya wale wanne aliye hai, akapewa kipaza sauti. Akaeleza majaribio yao, akaeleza moshi, ndiyo, akasema "tuligundua moshi", kisha akamwona mama na kufungua mikono. "Na dada yetu huyu alitulisha! Bila wali wake tusingefika popote!" Watu wakapiga makofi. Mama akainamisha kichwa kwa adabu, akaketi kwenye benchi, akaomba maji.

Sikungoja. Nilimfuata yule mzee kwenye meza ya soda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwenye ile picha mama yangu anapika nini?"

Akacheka kidogo. "Ah, zamani hizo. Sisi hatukuwa na mambo ya huyu kafanya hiki, yule kafanya kile. Kazi ilikuwa ya wote."

"Mbona jina lako liko ukutani?"

"Hilo wameandika wao."

"Na wewe umelisoma, ukalipita, ukaja kunywa soda."

Aliniambia nipunguze sauti. Sikupunguza. Watu wakaanza kutazama, na yule dada wa makumbusho akaja mbio, akanishika kiwiko na kunivuta ofisini. Nilimwambia yote. Nilimwambia wamemfuta mama yangu kwa sabuni. Nilimwambia wangekuja na tochi tu, wakaumulika ubao kwa ubavu, wangeiona kazi yake. Wala hakunijibu jeuri, na ningependa angenijibu jeuri. Alifungua faili, akatoa karatasi, akanisogezea huku ameangalia chini.

Ulikuwa mwandiko wangu, ule mzuri ninaoandikia ubaoni darasani. Hali ya kifaa: "Kimechafuka kwa masizi ya jikoni." Na chini yake, mahali ambapo hawakuuliza kitu, mahali pa maelezo ya ziada, nimeandika kwa hiari yangu: "Mnaweza kusafisha. Samahani kwa uchafu."

Niliomba samahani. Niliwaomba wageni samahani kwa kazi ya mama yangu. Nilitaka kuichana karatasi ile, nikashindwa hata kuikunja. Yule dada akasema watabadilisha maandishi ya picha, na ubao utarudishwa maonesho yakiisha. Nikatoka bila kuaga.

Kwenye bajaji nilisema mengi kupita kiasi. Nilimtukana mzee, nikawatukana wasomi, nikaitukana na ile karatasi, hapo nikawa nimejitaja. Nilimweleza nilichoandika. Mama alisikiliza akiangalia barabara, kisha akasema wabaki nao ubao wao, yeye ubao wa ndege wawili hauhitaji.

Nilirudi kwake Jumapili, mchana. Alikuwa mlangoni kwa jiko, ungo mapajani, anachambua mchele. Juu ya moto, pale palipokuwa na ubao, kamba mbili zilikuwa zinaning'inia tupu. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi karibu naye.

"Mama, ulikuwa unaufanyaje?"

"Nini?"

"Moshi. Ulikuwa unaufanyaje mpaka ukae pale unapotaka?"

Akatoa jiwe, akalitupa uani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Hasira zote nilikuwa nazo mimi.

"Umetambaa chini ya ule ubao," akasema. "Umesoma chini yake na kibatari. Umetoka hapa mtu mzima, una mshahara. Leo ndiyo unaniuliza?"

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Mtoto wangu wewe, nitakufanya nini?"

"Basi niambie. Nitaandika kila kitu, neno kwa neno. Nitawapelekea wabandike pale ukutani."

Aliutikisa ungo, akaupuliza, akaendelea kuchambua.

"Nenda kamuulize yule mzee aliyeshika maiki," akasema. "Yeye ndiye anajua kueleza. Mimi nilikuwa napika."

Nimemuuliza tena mara mbili tangu siku hiyo, na jibu ni hilo hilo, kwa upole ule ule. Ile Jumapili alipomaliza mchele aliinuka akishikilia magoti, akauweka jikoni. Ulipoiva akanipakulia sahani iliyojaa, akamwagia maharage, akaiweka mbele yangu, na akakaa kunitazama mpaka nilipomaliza.