Kitambaa cha Maua Juu ya Seva

Katika maisha yangu nimeandika karatasi moja tu ya kitaalamu. Ilikuwa na kurasa nne, niliiandika nikiwa nimefunga tai, mwezi wa tisa, Mpanda, kwenye joto ambalo hata mbuzi hawakuwa na hamu ya kutembea. Ilihusu mahali pa kuhifadhi barua pepe.

Nilikuwa msimamizi wa kompyuta zote za kampuni ya Hajji, ambazo zilikuwa tano. Hajji ananunua mpunga na mahindi kuanzia Mwamkulu na Kasokola mpaka Kabungu, anauza kwa wanunuzi wa mbali, na wanunuzi hao siku hizi hawaridhiki na simu, wanataka barua pepe. Yeye mwenyewe hazifungui. Kila asubuhi nilikaa mbele yake na laptop nikamsomea zilizoingia, naye akanijibu kwa mdomo huku akinywa kahawa. Kwa sababu hiyo nilijiona kama nusu mkurugenzi.

Masanduku yetu ya barua yalikuwa madogo na yalikuwa yanajaa. Siku moja mnunuzi alitaka kuona makubaliano ya mwaka uliopita, tukayakosa, kwa kuwa mtu alishayafuta ili apate nafasi. Hajji akaniagiza nitafute njia ya kutunza kila barua, na nimletee ushauri mmoja, sio miwili.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kununua seva, yaani mashine yetu wenyewe ya kuhifadhia, ikae hapa hapa ofisini. Ya pili ni kukodi nafasi mtandaoni, barua zikae kwenye mashine za watu wengine, huko wanakokuita wingu. Dada mmoja wa Mwanza anayeuza huduma hiyo alinifungulia miezi miwili ya majaribio ya bure. Nikaunganisha, barua zikaanza kunakiliwa huko kimya kimya, nami nikaketi kuandika karatasi ya kuipinga.

Niliandika kwamba mtandao wetu unakatika, na kwamba siri za biashara hazifai kulala kwa watu tusiowajua. Yote hayo yalikuwa kweli. Nisichokiandika ni kwamba nilitamani sana chumba chenye kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwangu. Barua zikienda mtandaoni, mimi ningebaki kuwa mtu wa kubadilisha wino wa printa.

Hajji alinisikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulichelewa, maana niliiandika kwa Kiingereza ikabidi nimtafsirie mstari kwa mstari.

"Hizo za mtandaoni naweza kwenda kuziona?" akauliza.

"Hapana, Hajji."

"Na hiyo mashine?"

"Hiyo utaishika kwa mkono."

"Basi tuchukue ya kushika. Ila wewe ndo utakuwa unaiangalia kila siku."

Seva ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ndani ilikuwa na diski mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine inaendelea, na taa nyekundu inawaka kwa mbele kukujulisha. Taa hiyo nilimweleza kila aliyeingia, hata mama anayetuletea maziwa. Nikaweka na utaratibu: barua ikifikisha siku thelathini inatoka kwenye sanduku la kila mmoja wetu na kubaki ndani ya seva tu. Yale majaribio ya mtandaoni nilipaswa kuyafunga siku ileile, nikasema nitafunga kesho.

Halafu kulikuwa na vumbi. Nyumbani kwetu televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata jagi la maji lina kitambaa. Mke wangu akaifumia seva kitambaa chake, cheupe chenye maua ya pinki, kikashuka pande zote mpaka mezani. Nilifurahi kupita kiasi. Kila asubuhi nilifungua kufuli, nikanyoosha kitambaa, nikafunga. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naiangalia.

Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, magunia ya kona moja ya ghala yalikutwa yameloa na mpunga umeanza kuota. Bati la juu yake lilikuwa limeachia misumari. Hajji akamwita mtunza ghala, dada wa Kasokola ambaye kwa mshahara ule alikuwa anamtunza mama yake na kusomesha wadogo zake.

"Nilituma imeili mwezi wa kumi, Hajji," akasema. "Nilisema bati limefumuka, mvua hazijaanza bado."

"Mbona sijasomewa?"

Wote wawili wakanitazama, dada kama mtu anayesubiri nimalizie mwenyewe. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye seva, kwamba hakuna haja ya kubishana, mashine itasema. Hajji akakubali. Kama barua haipo, akasema, Jumamosi dada akabidhi funguo za ghala.

Niliponyanyua kitambaa, seva ilikuwa kimya na ya moto. Pumzi yake ilikuwa imezibwa na nyuzi za mke wangu. Fundi niliyemwita alisema diski moja ilikufa zamani, nyingine imeifuata juzijuzi. Taa nyekundu iliwaka wiki kadhaa, ikimulika maua ya pinki kwa ndani.

Ilibaki ile huduma niliyoidharau. Nilimpigia dada wa Mwanza nikijua majaribio yameshakwisha, nikaanza kwa salamu ndefu.

"Nakala zenu zipo, kaka," akasema. "Huwa tunazishikilia miezi mitatu ndo tunafuta. Nilidhani mtarudi."

Nikaingia, nikatafuta neno bati. Zilitokea barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya dada wa ghala, imekuja kwangu: bati la kona limefumuka, naomba Hajji aambiwe kabla ya mvua. Ya pili ilikuwa imetumwa dakika chache baadaye. "Nimeipata dada. Namwambia leo." Chini yake kulikuwa na jina langu na cheo nilichojipa mwenyewe.

Siku ile naikumbuka. Ndiyo siku kitambaa kilipofika, nikawa naita watu waje kukiona.

Nilikuwa peke yangu, na hakuna mtu mwingine Mpanda nzima aliyejua barua hizo bado zipo. Nilifikiria kunyamaza. Nasema wazi kwamba nilifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima, nikaona aibu, kisha nikaziprinti zote mbili.

Hajji alivaa miwani akasoma mwenyewe, polepole, kwa kidole.

"Imetoka kwenye ile mashine yako?"

"Hapana, Hajji. Imetoka mtandaoni."

"Kule ulikosema siri zetu hazifai kulala."

"Ndiyo, Hajji."

Alimwita dada wa ghala, akamwomba radhi mbele yangu, akamwambia funguo ni zake. Kwangu hakufoka, na nilitamani afoke. Alisema tu nikaandike upya ile karatasi, kwa Kiswahili, na safari hii dada aisome kwanza.

Niliandika kurasa mbili. Nikapendekeza barua ziende mtandaoni, na seva ikitengenezwa iwe ya nakala ya pili, bila kitambaa. Nikaeleza mtandao ukikatika tutafanyaje, na nani atakuwa na neno la siri zaidi yangu. Nilihisi nimekomaa. Nikampelekea dada ghalani, akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante kaka, ataipitia.

Ilirudi kesho yake asubuhi. Hakusahihisha chochote. Chini kabisa, kwa penseli, alikuwa ameandika swali moja: "Zikishahifadhiwa, nani atamwambia Hajji?"