Alama za Mama Kanini

Zamani mchezaji wa mwomboko, ngoma ya Wakikuyu ya kinanda, alipimwa kwa miguu yake uwanjani. Siku hizi anapimwa kwa fomu ya kurasa tisa. Sisi wa Ruiru tuliijaza hiyo fomu tukaipeleka Thika, kwa kamati ya watu saba wanaoishauri manispaa ni vikundi gani vya sanaa vipewe pesa za umma. Sita kati yao walikuwa na digrii. Wa saba alikuwa Katunge, mjane aliyeuza mapazia mtaa wa Landless, aliyewekwa pale kuwakilisha wafanyabiashara. Wote walimwita Mama Kanini, kwa jina la binti yake.

Aliishia darasa la saba, nami la nne. Mengine tuliyaokota wenyewe, yeye sokoni, mimi kwenye magazeti ya kufungia nyama. Lakini alikuwa na kanuni ambayo wenye digrii hawakuwa nayo: hakuandika alama ya kitu ambacho hajakiona. Karatasi haichezi, alisema. Jumapili baada ya kanisa alitia fomu ndani ya kiondo alichokisuka mwenyewe, akaenda kuwatazama walioomba, kwa nauli yake.

Kwetu walikuwa wamebaki wazee tisa. Mimi navuta kinanda, Kagwe anagonga karing'aring'a, ile pete ya chuma. Kinanda changu kilikuwa kimechanika mvukuto, kikikohoa kuliko mwenyewe. Bila pesa za kununua kingine na kufundisha, mwomboko wa Ruiru ungezikwa pamoja nasi, kama kahawa ilivyozikwa chini ya magorofa haya yenye majina ya Kizungu, ambamo mtu hajui jina la jirani wa mlango wa pili.

Fomu iliuliza tuna vijana wangapi. Hatukuwa na hata mmoja. Tukaandika kumi na wawili.

Tuliposikia Mama Kanini anakuja, Kagwe alikwenda Juja akaleta wanafunzi wa chuo kumi na wawili kwa ahadi ya pilau. Tuliwavika mashati yetu. Mama Kanini aliketi, akanywa chai, akatazama wimbo mmoja mpaka mwisho. Kisha akamwita kijana wa mbele, akamuuliza ni hatua ngapi kabla ya kuinama.

"Inategemea na beat, mathe."

"Ni mbili," akasema. "Haitegemei kitu."

Hatukujua kwamba baba yake alikuwa kibarua wa kahawa hapa hapa Ruiru, na kwamba yeye, msichana wa Kikamba, alikuwa akichungulia wazazi wetu wakicheza siku za Krismasi. Aliandika mbele yetu: muziki kumi, vijana sifuri.

"Mama Kanini, hata nusu?" Kagwe akambembeleza.

"Sifuri haina nusu, baba. Na hao watoto wapeni pilau yao, wametokwa jasho."

Mwaka ule tulikosa. Nilimnunia, nakiri. Nilipita Landless mara mbili nikatazama upande mwingine, na mara zote mbili akaniita kwa jina akaniuliza habari ya kinanda.

Baada ya Pasaka akaja Ruiru bila kiondo cha fomu. Alikuwa na msichana anayeitwa Nyawira, mmoja wa wale wa pilau, aliyekutana naye akinunua pazia la chumba chake cha kupanga. Walikuwa wameongea, na msichana akasema ule muziki ulikuwa haujamtoka kichwani.

"Nimeleta mmoja," Mama Kanini akaniambia. "Wa pili ni mimi."

Goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Kila akiinama alishika bega la Kagwe, naye Kagwe akalalamika kwamba anageuzwa nguzo ya mapazia. Hakukosa Jumapili. Nyawira alileta wenzake, na kufikia Septemba tulikuwa na vijana tisa wa kweli, wanaoniita guka, yaani babu, na kunisahihisha mdundo. Tukajaza fomu tena. Safari hii tuliandika tisa.

Kamati ilituita Thika tupige mbele yao. Tulimtegemea yeye, maana wale sita hawakuwahi kutuona. Kabla hatujaanza, akasimama. Alisema anacheza na sisi, kwa hiyo hawezi kutupigia alama. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu Wamalwa, akamwambia kwa upole kwamba mwanafunzi wa ngoma halipwi chochote, akae tu.

"Mwaka jana niliwapa sifuri kwa sababu walidanganya," akasema. "Mwaka huu nikiwapa kumi, atakayekuwa amedanganya ni mimi."

Akachukua kiondo chake akatoka. Alama ya pekee tuliyokuwa na hakika nayo ilikuwa inatoka mlangoni kwa miguu yake.

Tulipita, kwa tofauti ya alama chache sana. Nililijua hilo wiki iliyofuata. Kwamba muda wake katika kamati ulikwisha mwezi ule, na goti likamfanya ahamie Matuu kwa Kanini, nilijua baadaye zaidi. Kinanda kipya hajakisikia.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa siku ile ya Thika. Palikuwa na joto, mlango wakauacha wazi, nami nikivuta kile kinanda kibovu nilimwona kwenye benchi la nje, kiondo mapajani, uso ameugeuzia ukutani ili asionekane anatutetea. Lakini viatu vyake vilikuwa vinakwenda: hatua mbili, kisha kichwa kikainama kidogo, badala ya goti ambalo lisingeweza.