Matangazo Kwenye Jukwaa la Dada Nesi

Alipostaafu, baada ya kufunga vidonda vya watu kwa miaka thelathini na moja, Nesi alishindwa kukaa bure. Akafungua jukwaa la mtandaoni la wagonjwa wa kisukari, akaliendesha kwenye meza ya jikoni, kompyuta ikipakana na birika. Watu walimuuliza kila kitu: sindano iliyopitiliza saa yake, ganzi ya vidole, viatu visivyobana. Alimjibu kila mmoja, na aliyeleta upuuzi alifutwa kabla chai haijapoa. Wakamwita Dada Nesi, hata wenye umri wa baba yake.

Mwaka wa nne wanachama walipita elfu kumi na jukwaa likaanza kukwama. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa wakala wa matangazo. Akamshauri aweke machache pembeni, yagharimie seva kubwa zaidi. Nesi alisita wiki nzima. Alikuwa na swali moja tu.

"Nani anachagua kinachowekwa?"

"Mfumo wenyewe, shemeji. Unasoma watu wanaongea nini, unawaletea wanachohitaji."

Jibu hilo halikumkaa vizuri. Akatia saini hivyo hivyo.

Mwanzoni zilikuja soksi na sabuni. Kurasa zikafunguka haraka, watu wakashukuru. Kisha dereva wa lori aliyejiita Magurudumu Kumi, mtu wa utani, akaandika kwamba gurudumu lake moja limepata pancha: alikuwa na kidonda kisiginoni. Nesi akamwambia aende kliniki siku hiyo hiyo. Alipofungua ukurasa tena, chini kabisa ya jibu lake palikuwa na picha ya kisigino laini, na maneno: Kidonda hakiponi? Poda hii hukikausha kwa siku tisa. Pumzisha mwili, achana na sindano.

Alimpigia shemeji yake na tangazo likaondolewa. Asubuhi lilirudi kwa jina jingine, kisigino kilekile. Akalizuia, likaja la tatu. Akaanza kupekua kurasa nyingine. Mama aliyeandika kuhusu mimba yake alikuwa amewekewa matone ya wajawazito. Mzee anayefifia macho alikuwa amewekewa maji ya kuoshea macho. Ilikuwa kama mtu amesimama nyuma ya kila mgonjwa, akisoma juu ya bega lake.

Shemeji alisema mkataba unataka notisi ya mwezi mzima. Nesi akazima jukwaa lote.

Wakati huo Magurudumu Kumi alikuwa kimya kwa siku ya kumi na mbili. Nesi aliitafuta namba ya simu aliyojisajilia nayo, akapiga; akapokea mkewe, naye akamtajia hospitali na wodi. Alimkuta dereva amelala, mguu umekatwa chini ya goti. Mke hakupandisha sauti.

"Nilimsihi asiache sindano. Akaniambia dawa ile iko kwa Dada Nesi, na Dada Nesi hawezi kutuwekea kitu kibaya."

 Nesi alikaa kando ya kitanda mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na usiku huo akawaandikia wanachama wote barua pepe, akieleza kosa lake bila kulipunguza.

Majibu ndiyo yaliyomnyima usingizi. Wengi walisema wanapigiwa simu na wauzaji wasiowajua, wanaojua dozi zao na mahali panapowauma. Shemeji alipoulizwa, aliinamisha uso.

"Kilichosomwa kimesomwa, shemeji. Hakirudishwi."

Basi Nesi akatoa orodha ya wote waliowahi kutaja vidonda, akaanza kuwapigia mmoja mmoja, awahi kabla ya wauzaji. Wa kwanza alimshukuru. Wa pili pia. Wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi, alishangaa kidogo.

"Lakini Dada Nesi, msaidizi wako si alinipigia jana? Yule mwenye sauti ya upole. Tayari nimeanza kuitumia ile poda."