Moto wa Mlimani na Chupa ya Rajabu

Nakumbuka Jumamosi moja kule Mwika, juu mlimani, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, ovaroli mwilini na kiburi tele kichwani. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili niolewe. Mchumba wangu Rajabu, ambaye leo ni mume wangu na ana kitambi cha heshima, alikuwa dereva wa teksi Bomang'ombe. Gari lake lile moja ndilo lililokuwa kazi yake na ndilo tuliloliwekea matumaini yote. Nami nilikaribia kuliua kwa mikono yangu mwenyewe.

Ufundi nilijifunza kwa mjomba wangu Salimu, kwenye gereji yake pale Kiboriloni. Wateja wakiniona walikuwa wanauliza fundi yuko wapi, naye anawajibu, "Si huyo hapo," kisha anaendelea na chai yake. Alinifundisha mengi, ila lililonikaa zaidi ni la magari ya mlimani. Plagi haingoji pistoni ifike juu kabisa ndipo itoe cheche. Huitoa mapema kidogo, maana mafuta nayo yanahitaji muda wa kuwaka. Sasa huko juu hewa ni nyepesi na mafuta huwaka polepole zaidi, kwa hiyo gari linalokwenda kufanya kazi mlimani tulikuwa tunalilegezea distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, na kusogeza moto mbele, ili cheche ije mapema zaidi. Fundi gani wa kwetu asiyejua hilo? Mimi nilijiona nalijua kuliko wote.

Mwaka huo vijana wakaandaa mashindano ya magari ya kupanda mlima, barabara ya vumbi ikafungwa asubuhi nzima. Binamu yake Rajabu akatuletea chupa ya gesi ya naitrasi kutoka Dar. Gesi hiyo ukiifungulia kwenye injini inaingia na oksijeni nyingi, mafuta mengi yanaungua kwa mpigo, na gari linaruka. Nikaifunga chupa kwenye buti, nikapitisha bomba, nikaongeza mafuta ya kwenda nayo kama karatasi ya maelekezo ilivyosema. Nilipofika kwenye taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, sikusoma. Nisome nini, na mimi ni fundi wa Moshi? Nikasogeza moto mbele, kama kawaida yetu.

Kabla ya mashindano kila dereva aliruhusiwa kuijaribu njia mara moja. Rajabu akapanda, akaifungulia gesi, na gari likapita kati ya migomba kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilisikia kitu kinagonga ndani ya injini, kama changarawe kwenye kopo. Jamaa aliyesimama karibu yangu akaniuliza sauti hiyo ni ya nini. Nikamjibu, "Hiyo ndiyo nguvu yenyewe."

Mjomba Salimu alikuwa kwenye kihamba, shamba la migomba la jirani, amekaribishwa kiburu, zile ndizi zinazopikwa na maharage. Aliposikia mgongo ule akaiacha sahani, akaja. Rajabu aliporudi chini, Mjomba akamwambia azime gari na akae kando. Akachomoa plagi moja, akanionyesha. Kwenye kaure yake nyeupe kulikuwa na vidoa vidogo vinavyong'aa.

"Unajua hivi ni nini, Mwajuma?"

"Uchafu, Mjomba."

"Ni pistoni ya mchumba wako. Inaondoka kidogo kidogo."

Moyo ulinishuka. Akaniuliza moto nimeuweka wapi. Nikamwambia nimeusogeza mbele kama alivyonifundisha, si tuko juu? Akacheka mpaka akaegemea gari.

"Mimi na wewe ndio tuko juu. Injini iko Tanga, karibu na maji. Umeipa hewa ya chupa, itajuaje kama kuna mlima?"

Hapo nikaelewa. Gesi ile inafanya mafuta yawake haraka, na mimi bado nilikuwa naiwahisha cheche. Mlipuko ulikuwa unaikuta pistoni ingali inapanda na kuitandika kichwani. Hiyo ndiyo sauti niliyoiita nguvu.

Nikamwomba Mjomba arekebishe kimyakimya, mimi nisimame pembeni. Akakataa. Akanikabidhi spana na kuniambia, "Gari ni la Rajabu. Nenda kamwambie mwenyewe."

Rajabu alikuwa anataniana na madereva wenzake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia mbele yao, "Rajabu, nimekosea. Nimeweka moto vibaya. Ungepanda tena hivi, pistoni ingetoboka."

Akajikuna kichwa. "Nilisikia inagonga tangu kona ya kwanza," akasema. "Niliogopa kukwambia. Ungenuna."

Wenzake walicheka sana, naye akacheka, na mimi, machozi yakinilenga, nikacheka pamoja nao. Lakini maneno yale yaliniuma kuliko ile plagi. Mtu niliyekuwa naenda kuishi naye alikuwa tayari gari lake life kuliko kunikosoa.

Nikalegeza distribyuta, nikaondoa moto wote wa mlimani, kisha nikaurudisha nyuma digrii nyingine mbili kupita pale tunapouweka mjini. Mjomba akapima na taa ya taimingi, tukafunga plagi mpya. Gari likapanda bila kugonga, tukawa wa tatu, na tukashangilia kama tumechukua kombe. Wiki mbili baadaye gari hilohilo likanipeleka kwa mume wangu, likinguruma vizuri.

Siku hizi, mwanangu, taimingi unaipanga kwa kompyuta, lakini pistoni ni zilezile. Ukiongeza gesi, rudisha moto nyuma kwanza, na usome karatasi hata kama wewe ni bingwa. Injini ikigonga, ondoa mguu kwenye mafuta. Zaidi ya yote uwe mtu anayeambilika, ili anayekupenda akisikia kitu kinagonga asikae kimya kwa kuogopa sura yako. Mungu akubariki kwa mikono hodari, akupe mwenzi asiyekuogopa, na akujalie kucheka siku atakapokwambia umekosea.