Yai la Wadad Halijawahi Kuvunjika

Wifi yangu Wadad hapendeki, na wala hajaomba apendwe. Tangu niolewe na mdogo wake, Jiryis, hajaniita kwa jina langu hata mara moja. Mimi kwake ni "huyo wa Trablus", mji nilikozaliwa, na ananiita hivyo nikiwa nimekaa mbele yake, nakula chakula alichokipika mwenyewe.

Hakuolewa. Alibaki kijijini mlimani, katika nyumba ya mawe ya baba yao, akimtunza mama mkwe wangu, Takla. Miguu ya bibi yule imekwisha, lakini mikono na mdomo, we acha tu! Wadad humwosha, humlisha, humbeba mpaka barazani akaote jua, na shukrani yake ni matusi. Mwaka huu wote matusi yalikuwa ya jambo moja. Bibi alikuwa na kidude cha mti wa mzeituni, alichochongewa na marehemu mumewe, laini, cha mviringo, cha kujaa kiganjani. Hukiingiza ndani ya soksi akishona matundu. Pasaka iliyopita kikapotea.

"Umekitia jikoni ukawashia moto, mwizi mkubwa!" Ndiyo ilikuwa salamu ya asubuhi. Wadad aliapa kwa Mama Maria na watakatifu wote anaowajua, lakini wapi! Tangu hapo bibi aligoma kushona, na soksi zote za nyumba ile zikawa na matundu. Za Wadad zilikuwa zimebaki jina tu.

Siku moja tu katika mwaka Wadad huwa mtu wa kuheshimiwa, nayo ni Pasaka. Kwetu, baada ya chakula, watu hugonganisha mayai. Unalishika la kwako, ncha tu ndiyo inaonekana, na mwenzako analigonga kwa ncha ya lake. Likipasuka umeshindwa, na yai lako linaliwa na aliyekushinda. Wadad huyachemsha na maganda ya vitunguu mpaka yaive wekundu wa udongo, halafu analigonga kila moja kwenye meno yake ya mbele na kusikiliza. Lile gumu analificha kifuani. Ameshamvunjia padri, ameshamvunjia muuza nyama, kijiji kizima kimeshalia mikononi mwake. Hajawahi kushindwa, na halisahau hilo.

Basi tukafika Jumapili mchana.

"Kristo amefufuka!" nikasema mlangoni, kwa tabasamu langu lote.

"Kweli amefufuka," akajibu Wadad. "Futeni miguu."

Kondoo alikuwa amejazwa wali na njugu, na haki ya Mungu mwanamke yule anajua kupika, ingawa nikimsifu nitakuwa nimejitia kitanzi. Tulipofika kwenye vikeki vya tende Jiryis akajifuta mdomo, akatangaza kama anayeomba chumvi:

"Mama tunashuka naye mjini leo. Atakaa kwangu."

Mimi nikapaliwa. Kuulizwa sikuulizwa! Chumba chenyewe kiko wapi?

Wadad akaweka chini sahani. "Unamhamisha mama ili ufunge nyumba uwapangishe wageni wa kiangazi. Na mimi nikalale wapi, kwenye banda la mbuzi?"

"Wewe ni mtu mzima, dada, utajua. Huyo si mama yako peke yako."

"Mara ya mwisho kumkata kucha ilikuwa lini, wewe mwana mwema?"

"Angalau mimi simwibii vitu vyake!"

Wadad akawa mweupe. Na bibi? Bibi alikuwa amekaa baina yao anatafuna, macho yanang'aa. Hajagombewa namna ile tangu alipokuwa mwali, na raha yake haikufichika.

"Gonganisheni mayai," akasema. "Atakayeshinda nakaa naye."

"Mama, huo ni mchezo wa watoto," akasema Wadad.

"Bingwa anaogopa?" Jiryis akamcheka. "Haya basi. Ukinishinda, sitalisema tena. Nikikushinda, mfungashie nguo zake."

Angekataa yangekwisha. Lakini ni Wadad, na kiburi chake kiko kwenye lile yai. Akalitoa kifuani, akaligonga mara moja kwenye jino, akalishika. Jiryis akatia mkono mfukoni akatoa la kwake, jekundu vilevile, amelifumbata mpaka ncha tu ndiyo ikaonekana. Akapiga.

La Wadad likapasuka.

Akaligeuza upande wa pili kama ilivyo desturi. Jiryis akapiga tena. Likapasuka tena.

Wadad alisimama akaenda chumbani, tukamsikia anafungua kabati. Nilikuwa nimengoja miaka mingi kumwona akishindwa, na nilipoona mgongo wake ukienda vile, sikupata raha hata chembe. Nilimchukia Jiryis kuliko nilivyowahi kumchukia dada yake.

"Haya, nimenyee," bibi akasema.

"Nini, mama?"

"Yai lako. Nimefunga Kwaresima nzima bila yai. Nataka la mshindi."

"Kula hili la Wadad, limeshapasuka."

"Sitaki la aliyeshindwa! Nipe hilo!"

Jiryis akalirudisha mfukoni. "Tutakula nyumbani, mama. Foleni itaanza."

Mume wangu ni fundi wa kupaka magari rangi, na nikimwona anatoka jasho la namna ile huwa najua kuna gari la mtu limeharibika. Nikamtia mkono mfukoni kabla hajanizuia, nikalitoa. Lilikuwa jepesi. Nikampa mkwe wangu.

Bibi akaligonga kwenye ukingo wa meza. Ko. Akaligonga tena kwa nguvu. Ko. Akalikwaruza kwa ukucha, na chini ya rangi ikatokea mistari ya mti wa mzeituni. Alilizungusha kiganjani mara mbili, taratibu, na uso wake ukabadilika. Mkono ulikuwa umeshalijua.

Wadad alikuwa mlangoni, gauni la kulalia la mama yake mkononi. Ameona yote.

"Mwaka mzima, mama," akasema. "Kila asubuhi."

Jiryis akaanza, "Ulikuwa utani tu, wallahi nilitaka—"

"Nyamaza!" Tulimwambia kwa pamoja, Wadad na mimi.

"Niombe radhi," Wadad akamwambia mama yake, "ama panda gari lake uende. Mimi nimechoka."

Bibi hajawahi kumwomba mtu radhi, hata mumewe akiwa anakata roho. Alilifuta lile yai la mti kwa upindo wa nguo yake mpaka rangi ya gereji ikamchafua vidole. Kisha akatazama chini, miguuni kwa binti yake.

"Vua hizo soksi," akasema. "Visigino viko nje, siku ya Pasaka. Niletee na sindano yangu."

Wadad akakaa sakafuni palepale mlangoni, akaanza kuvua.